Hilaria Maximilian, Aliyewafikisha Watu Mahakamani kwa Miguu Yao

Mama yetu mpendwa, Hilaria Maximilian, alizaliwa Laela tarehe 14 Machi 1960, mtoto wa tatu wa wakulima wa mahindi na ulezi. Alimaliza darasa la saba mwaka 1974.

Mwaka 1982 aliajiriwa kuwa mhudumu wa mahakama mjini Sumbawanga. Kwa miaka thelathini na mitatu aliita majina ya washtakiwa mlangoni, akaona wengi wakiumia kwa kutojua tu. Tarehe 23 Julai 1983 alifunga ndoa na seremala Yonas, aliyekuja kutengeneza benchi la mahakama na, kwa maneno yake mwenyewe, akalikawiza makusudi.

Alipostaafu mwaka 2015 alisomea usaidizi wa kisheria, akafungua ofisi ya chumba kimoja. Watu walimuuliza: nikikamatwa nifanye nini? Aliwajibu: "Uliza kosa lako, taja jina lako, omba ndugu zako wajulishwe. Usikimbie."

Machi 2019 alifika ofisini kwake Kashinje, mke wa mfugaji Ngeleja wa Mtowisa, kwenye bonde la Rukwa. Ngeleja alikuwa nje kwa dhamana, akishtakiwa kuiba maksai wawili. Mvua ilikata barabara, akakosa tarehe ya kesi, hati ya kumkamata ikatolewa. Akajificha porini.

"Mama, wakimwona tu wanamfunga," Kashinje alilia.

"Hati siyo hukumu, binti yangu. Imetolewa kwa sababu hakufika. Basi afike."

Mama alishuka bondeni mwenyewe, akapanda na Ngeleja na mdhamini wake hadi mbele ya hakimu.

"Ulikuwa wapi?"

"Maji yalifunga njia, mheshimiwa. Nikasikia natafutwa, nikaogopa."

Mdhamini alithibitisha habari ya barabara. Hakimu alimwonya, akaifuta hati, dhamana ikaendelea. Agosti mlalamikaji alikiri kwamba alama za maksai wale hazikuwa zake, na Ngeleja akaachiwa huru. Kashinje alipiga vigelegele ukumbini, askari akamnyamazisha. Mama akamshika mkono, wakatoka nje, wakavipiga wote wawili.

Kisukari kilimsumbua tangu 2021, kikaathiri figo. Akiwa kitandani bado alipokea simu za watu walio kwenye vituo vya polisi. Alifariki nyumbani asubuhi ya Jumanne, tarehe 11 Februari 2025, mkono wake ukiwa mkononi mwa baba.

Ameacha mume, Mzee Yonas, watoto Basil, Cornelia na Timoth, wajukuu saba, na Hellena, msaidizi wake ambaye mama alimrithisha kazi, na ambaye Jumatatu atafungua ofisi saa mbili kamili.

Pumzika, mama. Umeshinda.