Wasifu wa Mwalimu Alumita Ranadi, Aliyeagiza Aibu Yake Isomwe

Wazee wa Vuniyaro, ndugu na jamaa, na ninyi mliopita mikononi mwake darasani: mimi ni Isimeli, mdogo wake marehemu. Kwa desturi yetu ndugu wa kiume hamsemi dada yake hadharani, kwa sifa wala kwa lawama, na mnaona uso ulivyonishuka. Nasoma kwa sababu aliagiza mwenyewe, kupitia kwa mke wangu Taraivini, kwamba nisome mimi na nisiruke kitu.

Mwalimu Alumita alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 katika kijiji cha Nadraulevu, kisiwani Kadavu, kifunguamimba wa marehemu mzee Sakiusa na marehemu mama Kelera. Mimi nilimfuata. Tulicheza pamoja hadi tulipopata akili, kisha tukanyamaziana kama inavyotakiwa. Akiwa na neno nami alimwambia paka. "We paka, mwambie mwenye shamba mihogo yake inaliwa na nguruwe." Nami nilimjibu paka. Paka yule alikufa na siri zetu nyingi.

Alisoma shule ya msingi hapo kijijini, sekondari Suva, kisha chuo cha ualimu Lautoka alikohitimu mwaka 1979. Alifundisha Kadavu miaka mitano. Tarehe 8 Septemba 1984 alifunga ndoa na shemeji yetu Apenisa Drauna wa hapa Vuniyaro, akahamia kisiwa hiki cha Vanua Levu na kupewa darasa la tano.

Kutoka chuoni alileta namna yake ya kufundisha kusoma. Watoto walisoma ukurasa mmoja, wakageukiana wawili wawili, mmoja akauliza na mwenzake akajibu, kisha wakabadilishana. Walibashiri kitakachofuata, walisimulia kwa maneno yao wenyewe, na kila jibu lilitakiwa kuonyeshwa mstari wake kitabuni. Alikuwa akisema kwamba mtoto asiyeweza kumweleza mwenzake alichosoma bado hajasoma.

Hapa ndipo penye aibu, na ananilazimisha nipite.

Mwaka 1985 aliwaweka pamoja Peceli Matai na Unaisi Lewatu. Alikuwa ameuliza koo za baba zao, akaambiwa ni mbalimbali, akafurahi. Mama zao hakuwauliza. Kumbe mama zao ni wa tumbo moja, kwa hiyo watoto wale ni kaka na dada, hawazungumzi. Walisoma hadithi ya bibi aliyeficha kasia ili mjukuu asiingie baharini. Swali lilikuwa: kwa nini alilificha? Peceli akainama. Kesho yake akainama tena, na muhula mzima ukaisha hivyo. Watoto wenyewe wasingeweza kumweleza, maana hata kulitaja jambo hilo mbele ya mwenzako ni aibu. Wakubwa nao walidhani mwalimu anajua.

Katika mkutano wa wazazi Mwalimu alisimama akasema, "Peceli hasomi. Anatazama picha tu. Arudie darasa." Watu wakacheka. Mzee Rusiate, baba yake Peceli, hakucheka. Wiki ile ile alimtoa mtoto shuleni.

Aliyemfumbua macho alikuwa mama yake Unaisi, walipokutana mtoni wakifua.

"Mwalimu, kwani ulitaka kijana aongee na dada yake?"

"Dada yake? Si ukoo mwingine yule?"

"Ukoo wa baba! Tumboni kwa mama yangu tulitoka wawili, mimi na mama Peceli. Hukuuliza?"

Aliziacha nguo mtoni. Alijifungia ndani, akamwambia mke wangu, aliyekuwa mgeni wake siku zile, maneno haya: "Nimenyamaziwa na Isimeli maisha yangu yote, na bado nimeuona ukimya ule ule kwa mtoto wa watu nikauita ujinga." Neno hilo lilimchoma mpaka kufa, nami linanichoma.

Tulikuja wanaume wa Kadavu na jino la nyangumi kuomba radhi, mimi nikiwa msemaji. Mzee Rusiate alilipokea, akapiga makofi kama inavyostahili. Kisha akasema, "Tumewasamehe, wakwe. Lakini kijana ameshakwenda Labasa kukata miwa kwa mjomba wake. Harudi shuleni kuchekwa." Hakurudi. Neno la mkutanoni likabaki pale pale lilipotamkwa.

Tangu hapo hakuwaunganisha watoto kabla ya kuwauliza kina mama. Watani aliwaweka pamoja, wale mabinamu wanaoruhusiwa kutukanana, na darasa lake likawa na kelele kama soko.

"Nguruwe alijua atachinjwa!"

"Imeandikwa wapi, kichwa cha nazi? Nionyeshe mstari!"

"Hapa. Watu walianza kumsalimia asubuhi. We ukianza kusalimiwa na watu, hutashtuka?"

Wengi wenu mlisoma hivyo, na mnamsifu. Yeye hakuzipenda sifa hizo. Aliona zimenunuliwa kwa mtoto wa mtu.

Alistaafu mwaka 2013. Kisukari kilimwanza, mwaka 2021 akakatwa mguu wa kushoto, na figo zikafuata. Juni mwaka huu wa 2023 Peceli alikuja kumwona, amebeba mihogo, mtu mzima mwenye mvi. Miaka yote ile, kila alipokuja kijijini wakakutana barabarani, Peceli alikuwa akishuka pembeni kumkwepa. Mwalimu alimwomba radhi kwa kinywa chake. Peceli akatazama mkeka.

"Mwalimu, nilikuwa najua."

"Ulijua nini, mwanangu?"

"Bibi alilificha kasia kwa sababu mumewe alikufa baharini. Haikuandikwa hivyo. Lakini iliandikwa kwamba tangu mwaka ule hakula samaki."

Taraivini alikuwepo. Anasema Mwalimu alijifunika shuka usoni, na hakujifunua mpaka mgeni alipoondoka.

Alifariki Jumatano tarehe 2 Agosti 2023, saa kumi na moja alfajiri, hospitalini Labasa. Ameacha mume, Apenisa, watoto, Losana, Sakiusa na Vilimaina, wajukuu saba, wifi yake Taraivini, na mimi.

Agizo lake la mwisho ni hili, nalo ndilo lililonisimamisha. Alisema kosa lililosemwa mbele za watu halifutwi chumbani. Peceli, nakuona hapo nyuma, usishuke pembeni leo. Mwalimu wako anasema mbele ya Vuniyaro yote: ulisoma, ulielewa, ulifaulu. Aliyeshindwa kusoma ni yeye.

Mungu ampe mapumziko ya amani, nasi tuliobaki tumsitiri.