Komeo la Mlango wa Baba Yenu

Sogeeni, wanangu, na wewe Denis zima hiyo simu, kwa maana nina pumzi ya kusema mara moja tu, na daktari ametaja siku, hakutaja wiki. Claudette, niinulie mto. Normand, usiende kuangalia tanuri, lina kuni za kutosha. Kaa hapo dirishani ninapokuona. Nitakayosema yanakuhusu wewe kwanza, na sitaki uyasikie kwa watu.

Mimi nakufa, baba yenu anabaki. Alcide wangu hajui tena kama leo ni Jumapili au Jumatano, hajui kwamba shamba la viazi tulishalikodisha, na asubuhi hii aliniuliza mimi ni nani, kwa adabu kabisa, kama mgeni anayeuliza njia. Kufa sikuogopi; nimeuguza watu nyumba kwa nyumba katika bonde hili miaka thelathini na minne, nikafumba macho mengi. Naogopa kumwacha katika nyumba hii jinsi ilivyo leo.

Mnajua nilikuwa naenda mjini kila mwezi kwenye kamati, na hamkuwahi kuniuliza ni kamati gani. Tulikuwa tunapitia vifo vya wazee, vile vilivyokuwa na dalili kwamba mzee alipigwa, au alinyimwa chakula, au aliachwa tu. Tulikuwa tisa, na polisi, na mwanasheria wa serikali, na daktari wa maiti. Hatukutafuta wa kumfunga, hiyo ni kazi ya mahakama. Tulitafuta ni mlango gani mtu angeweza kuingia mapema, na kwa nini hakuingia. Majina yalifutwa kwenye karatasi. Na kabla ya kusoma chochote, mwenyekiti aliuliza, "Alipenda nini?" Mmoja alipenda karata, mwingine kusikiliza besiboli redioni. Pasipokuwa na aliyejua tuliandika kwamba hakuna aliyejua, na mara nyingi hapo ndipo kifo kilipoanzia.

Sikilizeni sasa neno ambalo hata baba yenu sikumwambia alipokuwa na akili zake. Faili langu la kwanza mezani pale lilikuwa la bibi wa miaka themanini na mmoja. Ndani yake kulikuwa na taarifa ya muuguzi, jina limepakwa wino mweusi: "Mgonjwa yuko salama. Mwanawe anamtunza vizuri." Mwandiko ulikuwa wangu. Nikaikumbuka nyumba, nikaikumbuka kahawa niliyopewa na yule mwana, na jinsi nilivyomuuliza bibi maswali yote mwanawe akiwa amesimama nyuma ya kiti. "Mama, mwambie nesi unakula vizuri." "Nakula vizuri." Kabla ya kujibu aliitazama mikono ya mwanawe. Niliona, nikaandika nilichoandika, kwa sababu theluji ilikuwa inaanza na nilikuwa nimebakiza nyumba tatu. Siku kumi na moja baadaye alikufa, na kwa miezi miwili hakuna mtu aliyekuwa ameuona mgongo wake.

Daktari wa maiti akauliza, "Huyu nesi alikuwa wapi, likizo?" Wakacheka kidogo, nami nikacheka nao. Nimekaa meza ile miaka kumi na minne bila kusema nesi ni mimi. Mficha maradhi kifo humuumbua, basi na kiniumbue mbele yenu.

Normand, Normi wangu, Jumapili ulipomletea baba yako sahani ya ploye, vile vichapati vyetu, aliitazama mikono yako kabla ya kula.

Usinikatize. Najua hujampiga. Ulipokwenda dukani nilimuuliza akiwa peke yake, kama nilivyopaswa kumuuliza yule bibi, nikamvua shati. Mkononi ana alama za vidole vinne, na hivyo ni vidole vya mtu aliyemvuta aondoke mlangoni. Nikamuuliza ni nani. Akasema, "Yule kijana ni mzuri. Lakini anafunga."

Komeo la mlango wa chumba chake nalijua. Nakumbuka Januari alipotoka na ndara, akaokotwa barabarani na dereva wa gari la kusukuma theluji, na nakumbuka ulivyolia, ukaenda dukani siku ileile ukalinunua, ukalifunga kwa nje ya mlango. Ulilifunga kwa mapenzi. Lakini nimesoma faili la mtu aliyekutwa nyuma ya komeo kama hilo, nyumba imejaa moshi, na aliyelifunga alimpenda vilevile.

Na wewe Denis, usikae hapo kama hakimu. Krismasi nilikusikia kwenye simu: "Mdogo wangu, wewe si uko nyumbani tu, kiwanda kimefungwa, una haraka gani?" Naye Normi akakujibu, "Njoo umwoshe wewe, bwana mkubwa wa simu, kisha uniambie habari ya haraka." Ukacheka. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Katika yale mafaili karibu yote kulikuwa na mtoto wa mbali aliyepiga simu kila Jumapili, na simu husikia sauti, haioni mgongo. Claudette, kimya chako nakijua pia. Ulikiona kidonda cha kisigino cha baba yako mwezi wa kumi ukasema utauliza.

Basi fanyeni hivi. Nyumba ni ya baba yenu mpaka azikwe, kisha ni ya Normand, na asiinuke mtu kumdai. Lakini Normand hamtunzi peke yake mwezi mzima tena. Claudette, wiki moja kila mwezi. Denis, wiki moja, uje kwa miguu yako, na asiyekuja zamu yake asiseme neno juu ya shamba. Anayeingia zamu amwogeshe mwenyewe, aone mwili wote, amuulize akiwa peke yake. Normi, ukisikia hasira inapanda, toka nje, mpigie dada yako, sema "nimechoka." Kusema hivyo si aibu. Laiti yule mwana wa kahawa angekuwa na wa kumwambia.

Nakwenda... ngoja. Claudette, maji. Hapana, yatosha.

Yule bibi alipenda kuku wake. Niliwaambia kamati, nikasema nimekisia. Na baba yenu anapenda kusimama kibarazani aone theluji ikianguka shambani. Mvalisheni koti, msimame naye. Pale mlangoni fungeni ile kengele ya ng'ombe ya babu yenu, iwaite akitoka.

Normi, bisibisi iko droo ya pili. Nenda kaling'oe komeo sasa, nikiwa nasikia. Skrubu ni nne. Ziangushe moja moja kwenye kikombe cha bati.

Denis, shika mguu wangu, una baridi. Mungu awape... moja, nimeisikia. Awape subira na mtu anayewasumbua. Mbili. Awape wa kuwavua shati mkizeeka, kwa upole. Tatu.

Normi? Mbona siisikii ya nne, mwanangu? Bado moja.