Betri ya Masaa Manne

Nthenya alikuwa amepakata laptop mpya ndani ya basi la kwenda Tawa, na Mzee Gabow, mfanyabiashara wa mbuzi aliyeketi kando yake, hakuacha kuitazama.

"Betri inakaa na chaji masaa mangapi, mama?"

"Manne, mzee."

"Na stima ikipotea siku mbili? Binti yangu huchora plani za nyumba kwa laptop ile nzito, ya mitumba. Haijamwangusha."

"Yangu ya mitumba ilinifia wiki iliyopita, na tafsiri ya kesi nzima niliyofanyia korti ikiwa ndani. Nililia."

"Pole sana. Lakini manne ni machache."

Basi liliposimama, Gabow alitangulia kushuka, akaupokea mkoba wa laptop na kuukumbatia kama mtoto mchanga, huku bado akinung'unika, mpaka Nthenya alipokanyaga chini.