Milima ya Ng'ambo ya Moher

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na moja ya kushika usukani, mzee wetu Twahiru anakabidhi funguo za gari kwa ofisi yetu ya safari hapa Bujumbura, Ziwa na Milima. Anaondoka akiwa na meno yake yote, na kwa dereva aliyepanda barabara za Rutovu wakati wa mvua, hilo si jambo dogo. Haya yanaandikwa na Karimu, dereva mwenzake, mtu aliyefika Uvira, Kigoma na Daresalama mara mbili. Kwa hiyo mniamini.

Twahiru alianza bandarini, akipakia mizigo ya maboti ya Kigoma. Bwana Sylvère, mkurugenzi wetu wa zamani, alimkuta akimwelekeza mgeni njia ya kwenda Kinindo. Alieleza vizuri mno mpaka mgeni akasahau kwenda. Twahiru akaajiriwa palepale.

Tangu siku hiyo amewapeleka watu kwenye jiwe la ukumbusho la Mugere, viboko wa Rusizi, maporomoko ya Karera na chemchemi ya Nile, ambayo wageni huitazama wakauliza, "Ni haka tu?" Naye hujibu, "Hata wewe ulizaliwa mudogo." Lakini kilichomfanya awe Twahiru ni desturi yake moja. Mgeni akishaonyeshwa jiwe la Mugere, hapandi gari mpaka na yeye atoe mahali pa kwao, apasimulie mpaka paonekane. "Hapa hatuuzi mahali," husema. "Tunabadilishana."

Ndivyo alivyopata jimbo la Clare, huko Ayalandi. Alipewa na Madamu Noreen, mwalimu mstaafu aliyekuja kutafuta misheni ambako mjomba wake padri alifundisha. Mama yule hakutoa mahali pamoja, alitoa jimbo zima. Majabali ya Moher yanayoanguka wima baharini, na mnara mdogo juu yake. Burren, nchi ya mawe matupu ambako maua huota kwenye nyufa. Poulnabrone, kaburi la kale lenye paa la bamba moja la jiwe. Ngome ya Bunratty. Kisima kitakatifu ambako watu huacha rozari na picha za wagonjwa wao. Mpaka wanafika Musaga, pa kuingilia mjini, mzee alikuwa ameshika yote kichwani.

Na hakuyafungia kabatini. Kila jioni, kwenye garaji ya Bahizire mtaani kwetu Buyenzi, aliyagawa pamoja na chai. Burren akaifananisha na mahali pa ujenzi ambako simenti imemwagika na hakuna wa kulaumiwa. Watu wakaanza kumwita Muirlandi. Siku moja Bahizire, fundi wetu wa asili ya Uvira, akauliza, "Na ng'ambo ya yale maji, mzee, kuko nini?"

Twahiru hakusita. "Milima, mutu wangu. Ya buluu. Asubuhi mawingu inaifunika."

Msomaji wa Bujumbura, usicheke haraka. Tangu tuzaliwe, ukitazama ziwa, milima ya Kongo iko pale imesimama. Maji bila milima upande wa pili ni kama karai bila ukingo: yanazuiwa na nini? Mimi bahari ya Daresalama nimeiona, lakini siku zote mbili kulikuwa na ukungu.

Basi milima ikakaa huko Ayalandi kwa amani miaka mingi, mpaka mwaka huu Raihana wetu wa mapokezi alipotuonyesha picha za Moher kwenye simu. Visiwa vidogo pembeni, halafu maji, maji, maji mpaka mbinguni.

"Mzee," Bahizire akasema, "milima yako iko kwenye konji? Inarudi kazini lini?"

Garaji nzima ikacheka. Twahiru naye alicheka, ila chai yake aliiacha nusu.

Mwezi uleule Madamu Noreen na wageni wengine wa zamani wakamtumia tiketi ya ndege, zawadi ya kustaafu. Viza ikatoka. Mzee akasema haendi. Hakuogopa ndege wala baridi. "Karimu," aliniambia, "kama milima haiko, na mengine je? Ile inchi nimewapa watu miaka yote. Nikute haifanani, nitarudi Buyenzi na sura gani?"

Nilimpa mifano ya safari zangu, haikumsaidia. Aliyemaliza maneno ni mkewe, Mama Soumaya, huku anachambua mchele.

"Baba Soumaya, wageni wako wote wanashuka ndege wanatafuta simba. Walikuta simba?"

"Apana."

"Walirudi wanalia?"

"Apana. Wanacheka."

"Ni kwa sababu we uliwapokea. Basi na we enda upokelewe." Akaongeza kwamba sweta ameshalinunua, na mwenye duka harudishiwi kitu.

Basi mzee anasafiri Julai. Kwa mara ya kwanza atakaa kiti cha mgeni, Madamu Noreen akishika usukani. Tunamwombea huyo mama, maana mzee hukanyaga breki hata akiwa abiria. Na desturi ni desturi: kule juu ya Moher, na yeye atadaiwa mahali pa kwao. Ametuambia ameshachagua. Hatatoa jiwe la Mugere, wala viboko. Atanyoosha kidole juu ya yale maji yote, awaonyeshe pale hasa ambapo milima ya Kongo ingesimama.

Asante, Baba Soumaya, kwa kila barabara uliyotupitisha na kila nchi uliyotuletea garajini. Mungu akupe afya, usingizi wa mchana na wajukuu wasikivu. Chai yako tutaifunika isipoe. Rudi utuambie ulichokiona, na kama milima kweli haiko, basi ile yetu ya garajini tuachie.