Masikio ya Denka Karastoeva, na Waliosubiri Afe

Baba Padri Nikanor, majirani wa Gorna Klenova, na ninyi mliotoka mbali kwa basi la asubuhi, mimi ni Stamena, mdogo wake marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya dada yangu tangu alipozaliwa hadi juzi Alhamisi, tena imeniomba nisimtukane mtu ndani ya kanisa. La kwanza nitalitimiza lote, la pili nitajitahidi.

Denka Ilieva Karastoeva alizaliwa tarehe 2 Novemba 1955, hapa hapa kijijini, katika nyumba ile yenye karakana chini na vyumba juu, akiwa mtoto wa kwanza wa Ilia, mtengeneza kengele za kondoo, na mama yetu Tota, na inasemekana alipokuwa mchanga hakupata usingizi mpaka asikie nyundo ya baba, ikawa baba akipumzika kidogo mama anapiga kelele kutoka juu, "Wee Ilia, gonga bwana, mtoto anaamka!"

Alisoma shule ya msingi ya kijiji kuanzia 1962 hadi 1970, akaendelea na shule ya ufundi wa chuma mjini Gabrovo hadi 1974, msichana peke yake kati ya wavulana thelathini na mmoja, ambao wiki ya kwanza walimficha nyundo na wiki ya pili wakamrudishia wenyewe, kwa sababu alipita mbele ya kila mmoja, akamtazama usoni, akasema, "Wewe sitakusahau." Waliomjua Denka wanajua kwamba hayo hayakuwa maneno ya kutisha watoto.

Tarehe 1 Septemba 1974 aliajiriwa katika karakana ya ushirika wa mafundi, akafanya kazi hapo hadi ushirika ulipofungwa mwaka 1991, kisha akarudi kwenye karakana ya baba, na huko ndiko wachungaji walikomfuata kutoka pande zote za mlima, kwani mchungaji hanunui kengele moja, hununua kengele za kundi zima, nzito za madume na nyepesi za majike, na zote sharti zipatane sauti. Denka aligonga mdomo wa kengele, akasikiliza, akagonga tena kidogo, akasikiliza, na katika miaka thelathini na tisa hakuwa na kipimo kingine chochote isipokuwa masikio yake mawili.

Alifunga ndoa tarehe 17 Septemba 1978, katika kanisa hili, na Spas Karastoev, mchungaji, ambaye kabla ya hapo alizirudisha kengele zake mara tatu akidai kuna moja inalia vibaya, na mara ya tatu Denka akaigonga, akaisikiliza, akamwambia, "Kengele ni nzima, kaka. Mwenye shida ni wewe, hebu itoe hiyo shida." Spas akaitoa, wakaoana, wakaishi vizuri hadi alipofariki tarehe 4 Oktoba 2009. Walijaliwa mtoto mmoja, Iskra, aliyezaliwa tarehe 30 Juni 1981, ambaye anafanya kazi Vienna katika nyumba ya kutunzia wazee, na ndiye huyu aliyesimama kando yangu.

Sasa nafika kwenye ugonjwa, na hapa nimeombwa nipite haraka. Sitapita haraka.

Tarehe 11 Machi 2013 dada yangu alikwenda kwa daktari wake, Daktari Penchev, kwa maumivu ya magoti, akaandikiwa vidonge vipya vya kampuni ambayo jina lake sitalitaja, si kwa heshima, bali kwa kuwa wakili wetu, Bi. Borislava Tomova, amenikanya, kesi ikiwa bado mbele ya jaji. Wiki ya sita masikio yakaanza kuvuma, akarudi kwa daktari, akaambiwa, "Ni umri, Denka, sote tunazeeka," naye akaendelea kumeza, kwa sababu dada yangu alikuwa mtu wa kumaliza alichoanza. Asubuhi ya tarehe 9 Juni 2013 aligonga kengele, haikulia, akadhani ina ufa, akaitupa kwenye vyuma chakavu, akachukua nyingine, nayo akaitupa, na nilipoingia karakanani nilikuta ametupa kengele nane nzima, ameshika ya tisa, akaniuliza, "Stamena, shaba ya mwaka huu ina nini?" Nikamjibu, na nikaona kwamba anautazama mdomo wangu.

Agosti mwaka huo, Iskra akiwapangia wazee wake dawa kule Vienna, alikuta boksi lile lile la vidonge, kampuni ile ile, akaitoa ile karatasi ya maelezo iliyo ndani na kuisoma, nayo ilisema wazi kwamba dawa inaweza kuondoa uwezo wa kusikia, wakati mwingine moja kwa moja, na kwamba mgonjwa akisikia mvumo aache mara moja. Karatasi iliyokuwa katika boksi la mama yake ilitaja kizunguzungu na kukauka mdomo, basi. Walijua. Wazee wa Vienna walistahili kuambiwa, dada yangu hakustahili.

Tarehe 3 Februari 2014 alifungua kesi ya kuidai kampuni fidia, na wenzetu wale wakaleta mtaalamu mwenye tai ya hariri, aliyesema kwamba masikio ya mama huyu yameharibiwa na nyundo zake mwenyewe, nasi tukamwandikia Denka maneno hayo katika daftari lake, maana kwa daftari ndivyo tulivyozungumza naye, akasoma, akasimama mbele ya jaji na kusema kwa sauti, kwani sauti yake hawakuichukua, "Nyundo imenivumilia miaka thelathini na tisa, ikaja kunigeuka wiki ya sita ya vidonge vyenu? Nyundo gani hiyo yenye kalenda?"

Kisha, tarehe 9 Juni 2014, alifanya lile ambalo wengine wenu mlilicheka na wengine mliliogopa. Alichapisha tangazo la msiba, kama haya tunayobandika mlangoni na kwenye nguzo mtu wetu anapofariki, na tena siku ya arobaini, na tena kila mwaka, lenye ukingo mweusi na msalaba juu, ila mahali pa picha ya marehemu aliweka picha ya sikio lake la kulia, na chini yake maneno haya: "Leo ni mwaka mmoja tangu yatutoke masikio ya Denka Karastoeva, yaliyoishi miaka hamsini na saba, yaliyouawa na vidonge vinavyotengenezwa nyuma ya geti hili. Mfiwa: mwenyewe." Tukapanda basi, mimi, yeye na Iskra, tukalibandika kwenye geti la kampuni kwa gundi ya seremala.

Mnajua, na wao wanajua, kwamba tangazo la msiba halichanwi na mkono wa mtu, huachiwa mvua na jua. Mlinzi alipoamriwa alitoe, alirudi nyuma hatua mbili akasema, "Bosi, nifukuze kazi ukitaka, mama yangu ni mgonjwa nyumbani, hiyo karatasi siigusi." Akaitwa mama wa usafi, akalisoma lote, akafanya ishara ya msalaba, akaondoka na ndoo yake. Mwishowe mkurugenzi akashuka mwenyewe, na suti yake, akalikwangua kwa kucha, vipande vipande, msalaba kwanza, na Iskra akampiga picha, na gazeti la mkoa likaitoa ukurasa wa pili. Nasikia mama mkwe wake hakumsemesha hadi Pasaka. Nilifurahi, Baba Padri, nasema hivyo nikiwa kanisani, nilifurahi na bado nafurahi.

Kwa picha ile watu wakaanza kuandika, dereva wa basi, mwalimu wa muziki, mama aliyekuwa hamsikii tena mjukuu wake akilia, mpaka wakafika kumi na saba wenye maboksi yale yale, wakaungana na kesi ya dada yangu. Wanne kati yao wameshatangulia, na hakuna hata mmoja aliyeona hukumu, kwa sababu shauri limeahirishwa mara kumi na nne, mara wakili wao ana mafua, mara mtaalamu wao yuko likizo, mara nyaraka zao hazijatafsiriwa, na Denka aliyaona mapema, akasema, "Hawa hawatafuti hoja. Wanatafuta jeneza langu."

Mwezi Oktoba 2021 walituma bahasha, wakaahidi fedha za kutosha kununua nyumba ya vyumba vitatu mjini, kwa sharti kwamba akiri hawakukosea na asilizungumze jambo hilo tena maisha yake yote. Akaigeuza barua yao, akaandika nyuma yake kwa kalamu nene, akawarudishia: "Kimya mlishanipa. Sasa nataka maneno." Aliyataka mawili tu, yaandikwe katika hukumu yenye muhuri: walijua, walificha. Hayo ndiyo aliyoyasubiri miaka kumi, na hayo ndiyo hakuyapata.

Mwezi Novemba 2023 aligundulika na saratani ya kongosho, akalazwa, na tarehe 22 Januari 2024, alipokuwa ameshavalishwa koti apelekwe mahakamani kwa kiti cha magurudumu, wakili wa kampuni aliomba shauri liahirishwe kwa kuihurumia afya yake, nasi tukamwandikia hayo kwenye daftari, akacheka hadi muuguzi akaja mbio. "Huruma yao imechelewa basi," akasema. Wiki moja baadaye, tarehe 29, alitoa ushahidi wake kitandani mbele ya ofisa wa mahakama, saa mbili mfululizo bila kukubali maji, na alifariki Alhamisi tarehe 8 Februari 2024, saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, mkono mmoja kwa Iskra na mmoja kwangu.

Leo asubuhi limeletwa shada la maua lenye utepe ulioandikwa "Kwa heshima", lisilo na jina, nami nimeliweka nje, karibu na pipa. Na wewe bwana wa koti la kijivu uliyekaa jirani na mlango, usiinamishe kichwa, miaka kumi nimekuona mahakamani ukisimama upande wa kampuni, nakujua hata kikohozi chako. Umekuja kuhakikisha. Jeneza liko wazi kama ilivyo desturi yetu, njoo mbele umtazame, ukawaambie waliokutuma kwamba ni kweli, kisha uwaambie na hili, kwamba jana saa nne asubuhi Iskra alichukua hati ya urithi na kutia saini mbele ya Bi. Tomova, na kwamba dai lililofunguliwa na aliyekufa hufuatwa na mrithi wake. Humu jenezani yumo Denka peke yake. Kesi haimo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi aliyolazwa, waliojifunza kumwandikia kwa herufi kubwa. Daktari Penchev nilikuwa nimeapa nisimshukuru, lakini dada yangu aliniambia, "Mtaje," kwa sababu mwaka 2018 alisimama kizimbani akasema, "Nilimuuliza mtu wa kampuni, akanihakikishia hakuna madhara kama hayo, nikamwamini yeye nikamwacha mgonjwa wangu," basi, daktari, asante, nimeagizwa. Tunawashukuru majirani waliobeba kuni na kupika ngano ya msiba, mafundi wenzake wa ushirika, wachungaji waliokuja, na wale kumi na watatu waliobaki, ambao nawaomba tuonane Jumanne tarehe 14 Mei, saa tatu asubuhi, mahakamani, na yeyote mwenye nafasi aje, tuwajazie watu wa kampuni ukumbi mpaka wakose pa kuweka mikoba yao.

Dada yangu, umeshafanya zamu yako, pumzika kwa amani, nasi tutahakikisha wao hawapumziki.