Mawe Mawili Majini

Kwenye bajaji ya kwenda Mofu, Lukelo alijifanya amesinzia, kumbe masikio yote yalikuwa kwa abiria wenzake.

"Jana niliwaambia wanafunzi wagonge mawe chini ya maji, wasikie sauti inavyosafiri mtoni," mwalimu kijana alilalamika. "Wote wakatoka mbio!"

Mama mwenye tenga tupu la samaki akamgeukia. "Na mamba anasikia, mwalimu. Watoto wetu wanalijua hilo kabla hawajaota meno."

"Shikamoo mama, lakini hiyo ni sayansi. Nimeshawatangazia: leo asiyegonga hapati maksi."

Shikamoo imechelewa, Lukelo aliwaza, akitabasamu.

Bajaji ikazimwa kando ya mto. Katika ukimya ule, kutoka kwenye matete, wote wakasikia: ko, ko, ko. Mtoto mmoja alikuwa ameshatii.