Shubiri Tamu

Kijiwe chetu kiko nyuma ya soko, Bagamoyo mjini, ubavuni mwa jiko la Mzee Msabaha muuza kahawa, na hapa hakuna jambo linalokosa mtaalamu. Jana alasiri Dadi alikuja na chupa mkononi, uso umemsawijika. Mkewe, Mize, Jumamosi anaondoka kwenda mafunzoni miezi mitatu, na binti yao Sabiha bado ananyonya. Dadi alitumwa shubiri ya kupaka ziwa, mtoto aonje uchungu aache. Yeye akaenda dukani akanunua alovera ya chupa, ile ya kunywa yenye sukari.

— Ikawaje? akauliza Shuaibu, tunayemwita Rubani kwa anavyoendesha bodaboda.

— Kailamba yote! Kisha akadai na upande wa pili.

Nilicheka mpaka kahawa ikanipalia.

— Sasa hii “vera” ndiyo nini? Dadi akaigeuza chupa.

Abdulazizi, anayetembeza wageni Mji Mkongwe wa hapa hapa, nasi tukampa jina la Mkalimani, akakaa vizuri.

— Kilatini hicho, sheikh. Vera ni ya kweli. Shubiri ya kweli.

— Ya kweli iwe tamu?

— Ngoja. Kwao neno la sifa linamfuata anayesifiwa. La kiume, verus. La kike, vera. Lisilo huku wala huku, verum.

— Basi hii shubiri jike! Rubani akadakia. Ndiyo maana tamu. Tafuta dume, Dadi!

— Dume linaota wapi?

— Fukayosi, porini. Ukilikata linanguruma.

— Acha uongo wewe, akasema Mzee Msabaha. Hao wenye Kilatini walikuwa na kesi nyingi za ndoa. Ndiyo wakaweka kweli tatu: ya mume, ya mke, na ya kadhi.

Hapo hata mimi nilitafakari. Sisi kweli yetu ni moja, na bado inatushinda.

Mara akatokea Bi Ashatu, mama mkwe wa Dadi, na kikapu chake. Tukamwamkia, akaitikia. Tukamweleza habari ya chupa. Hakucheka.

— Shubiri ninayo nyumbani, chungu ya kutosha. Lakini Dadi mwanangu, Sabiha hulala kwa ziwa. Mama yake akishaondoka, usiku akilia utambembeleza kwa kitu gani?

Dadi akamtazama Mkalimani. Mkalimani akaagiza kahawa nyingine.

— Anapenda… Dadi akaanza.

Tukamsubiri. Hakujua binti yake anapenda nini.